Maua ya mkole yaliniruka usoni: hawa wadudu ni wa jamii gani?

MamaMzinga, Kibwezi
Jumapili, saa 2:40 usiku

Hamjambo wote. Mimi ni mfugaji nyuki huku Kibwezi, upande unaoelekea milima ya Chyulu. Nina mizinga kumi na minne: tisa ya magogo aliyoniachia baba, na mitano ya masanduku. Naomba kuelimishwa kuhusu kitu nilichokiona Alhamisi, maana tangu siku hiyo hakinitoki kichwani.

Mvua ya vuli imenyesha wiki ya tatu sasa na pori limefunga. Nilishuka korongoni asubuhi kutazama kama nyuki wanapata maji karibu, nikapita kwenye kichaka cha mkole kilichoota kivulini mwa mbuyu. Kwenye kijiti kimoja kilichosimama wima niliona maua. Nasema maua kwa kuwa ndivyo nilivyoyaona, na maua ya pori hili nayajua, ndiyo malisho ya mifugo yangu. Yalikuwa yamekizunguka kijiti yakipandana: juu kabisa ya kijani, kama matumba, na kushuka chini ya rangi ya waridi, kama yaliyokwisha kuchanua. Nikasimama. Mkole wetu hutoa ua dogo la manjano lililofunguka kama nyota. Hili limetoka wapi? Nikanyoosha mkono nilichume nimwonyeshe binti yangu.

Yote yakaruka kwa mpigo mmoja. Mengine yalinigonga kwenye wavu wa kofia kama punje za mtama zinazorushwa, nikabaki nimeshika kijiti kitupu.

Nilikaa kwenye jiwe nikasubiri. Baada ya kama robo saa wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na kila aliyetua alitembea kiubavuubavu mpaka akapata nafasi yake. Nikawahesabu: thelathini na mmoja. Kumi na wawili wa kijani, kumi na tisa wa waridi. Safari hii hawakujipanga, walichanganyika tu. Kila mmoja ana urefu wa ukucha wa kidole gumba changu. Mabawa ameyasimamisha kama paa lenye mteremko mkali, kiasi kwamba ukimtazama kwa juu ni mstari mwembamba, ukimtazama ubavuni ni petali.

Chini yao, kwenye gome, kulikuwa na mabonge meupe niliyodhani ni sufi iliyopeperushwa ikanasa. Nikaligusa bonge moja kwa ncha ya jani. Likaruka nalo! Karibu mita nzima. Nikatazama vizuri, ni vidudu vidogo vyenye manyoya marefu meupe yanayotoka mkiani kama mkia wa jogoo.

Na hili ndilo lililonifanya niandike hapa: majani ya chini ya kichaka yalikuwa yanang'aa kwa matone yanayonata. Nililamba, ni matamu. Na nyuki wangu walikuwa juu ya majani hayo wakifyonza, wengi kuliko waliokuwa kwenye maua ya kweli.

Jirani yangu anasema hao ni nyenze. Kaka yangu anasema ni nondo. Mimi sijui. Naomba kujua mambo matatu. Ni wadudu gani? Wa kijani na wa waridi ni aina mbili au moja? Na asali itakayotokana na huo utamu ni salama? Picha nimeweka nne, samahani ya tatu imetikisika.

---

Kulwa_Bustani, Morogoro
Jumapili, saa 3:15 usiku

Pole dada. Hao weupe ni vidung'ata, nimewahi kuwapata kwenye mipapai wakanimalizia mstari mzima. Hao wakubwa ni nondo wamekuja kwa sababu ya utamu. Piga dawa mapema kabla hawajahamia kwenye miembe yako. Ukichelewa utaona masizi meusi yanafunika majani yote.

---

MstaafuUsambara, Muheza
Jumapili, saa 4:50 usiku

Mama Mzinga, salaam kutoka Muheza. Kulwa mwanangu, bomba liweke chini kwanza. Dawa kwenye majani ambayo nyuki wanayalamba ni dawa ndani ya mzinga, na huyu mama ana mizinga kumi na minne.

Nimefanya kazi ya kukusanya na kubandika wadudu kwa miaka ishirini na saba, sehemu kubwa kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Picha zako zimenifurahisha sana, lakini sitakupa jina usiku huu. Nataka ulipate wewe mwenyewe, maana picha ya ubavuni haionyeshi kile ninachokihitaji.

Rangi iache kando, na umbo la mabawa nalo liache kwa sasa. Uso ndio wa kuanzia.

Mdudu yeyote mwenye mrija wa kufyonza uliokunjwa chini ya kifua, anayekaa kwenye mmea na kuruka kama risasi, watu humwita jina lolote. Lakini kuna makundi mawili makubwa ambayo hata wasomi wachanga huyachanganya. Kundi la kwanza lina nyenze na wale warukaji wadogo wembamba wa kwenye majani ya nyasi na mahindi. Hawa papasi zao, yaani zile nyuzi za kunusia, hutokea mbele, katikati ya macho. Kundi la pili papasi zao zimeota chini ya jicho, shavuni. Na si uzi mtupu: kuna kipande cha pili kilichovimba kama kitufe, kimejaa vipele vya kunusia, halafu juu yake umetoka unywele mwembamba sana. Ukishaona hicho kitufe shavuni, makundi mengine yote umeyaaga.

Kuhusu nondo: ukimshika nondo anakuachia vumbi kidoleni, na hao wako nao watakuachia vumbi. Hapo ndipo watu hupotea. Vumbi la nondo ni magamba, ukiliweka chini ya lenzi unaona vigae vidogo vilivyochongeka. Vumbi la hawa ni nta, halina umbo, ukilisugua linateleza. Na nondo mrija wake umejiviringa kama mkeka, hauchomi mmea.

Kuhusu vidung'ata: hawaruki. Mama ameshajibu mwenyewe alipogusa kwa jani.

Sasa kazi yako. Mchukue mmoja wa kijani na mmoja wa waridi, kila mmoja kwenye chupa yake, weka kwenye friji dakika kumi wapoe. Tafuta lenzi. Nitazamie haya. Papasi zimeota wapi? Begani, pale bawa la mbele linapoanzia, kuna kigamba kidogo kama kofia? Muundi wa mguu wa nyuma una miiba mingapi ubavuni? Je, imepangana safu nzima kama kitana, au ni michache inayohesabika? Kisha bawa la mbele: ukingo wake wa mbele una mishipa ya namna gani, na sehemu ya bawa iliyo karibu na mgongo ni laini au ina vipele?

Unaweza kuuliza kwa nini nasumbuka hivi na papasi. Hapa juu yetu, Amani, kuna kituo walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902. Kuanzia 1928 alifanya kazi hapo mtaalamu aitwaye H. H. Storey, aliyekuwa akichunguza ule ugonjwa wa mahindi unaochora milia iliyofifia kwenye jani. Mwenezaji wake ni mrukaji mdogo wa kundi la kwanza, Cicadulina mbila. Storey aliona kwamba baadhi yao hawaambukizi hata wakifyonza mmea mgonjwa. Akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, wakaanza kuambukiza. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1933. Fikiria, sindano kwenye utumbo wa mdudu wa milimita tatu. Lakini kuna ugonjwa mwingine wa mahindi, nao huchora mistari, na unaenezwa na mdudu wa kundi la pili, Peregrinus maidis. Mkulima anaona mistari tu. Ukikosea uso wa mdudu, umekosea ugonjwa.

---

MamaMzinga, Kibwezi
Jumanne, saa 1:05 usiku

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kama ulivyosema.

Lenzi nimeazima kwa fundi saa pale sokoni, ile anayoibana jichoni. Alinipa kwa sharti nikae hapohapo kibandani, kwa hiyo tumetazama sote wawili, yeye na mimi, kwa zamu. Chupa nilizibeba ndani ya kikapu pamoja na barafu kutoka kwa muuza samaki. Walikuwa wametulia kabisa.

Papasi. Mwanzo sikuziona popote, nikadhani zimekatika. Fundi ndiye aliyesema, "Mgeuze atazame juu." Nikamgeuza kwa kijiti cha kiberiti. Chini ya jicho, kabisa shavuni, kuna kitu kama punje ya pilipili manga iliyosimama kwenye shina fupi, na juu yake unywele ambao nikipumua unatikisika. Wa kijani anacho, wa waridi anacho. Sikujua kwamba mtu anaweza kuishi na wadudu miaka arobaini asiwahi kuwatazama usoni.

Bega: kigamba kipo, kimelalia mzizi wa bawa.

Mguu wa nyuma: nimehesabu miiba miwili ubavuni mwa muundi, imeachana. Mwishoni, pale muundi unapokutana na wayo, kuna miiba mingi mifupi iliyojipanga kama taji. Hakuna kitana.

Bawa: ukingo wa mbele una utepe mwembamba, na ndani ya utepe huo mishipa imekatiza mmoja baada ya mwingine, imenyooka, imekaribiana, kama vidato vya ngazi. Tumejaribu kuvihesabu tukaacha. Sehemu ya mgongoni ndiyo iliyonishangaza. Kwa jicho tupu ni laini kama hariri. Kwenye lenzi imejaa chembechembe zilizotuna, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Na kuna mishipa miwili inayotoka begani ikakutana ikawa mmoja, umbo la panda ya manati.

Baada ya hapo nikawalaza sambamba, kijani na waridi, nikatafuta tofauti. Uso uleule, miiba ileile, ngazi ileile, vipele vilevile. Mbali na rangi sikupata kitu.

Wa kijani alipata joto akaruka, yuko mahali fulani kwenye duka la saa. Wa waridi nimemrudisha korongoni.

---

MstaafuUsambara, Muheza
Jumanne, saa 3:30 usiku

Marahaba binti yangu. Nimesoma maelezo yako mara tatu. Ile punje ya pilipili manga nitaiiba niwafundishie wengine.

Haya, sasa jina. Papasi chini ya jicho, kigamba begani, mishipa miwili inayokutana kama panda ya manati: umeshaingia kwenye kundi lile la pili, ambalo wataalamu huliita Fulgoromorpha. Ni kundi kubwa lenye familia nyingi. Ngazi kwenye ukingo wa bawa pamoja na vipele mgongoni vinakupeleka kwenye familia moja: Flatidae. Kuna ndugu zao wa karibu, Ricaniidae, ambao nao wana ngazi ukingoni na mabawa mapana ya pembetatu, na Muheza tunawapata sana kwenye vichaka vya michungwa. Lakini wale mgongoni hawana vipele, na wengi hukaa wameyatandaza mabawa kama nondo aliyepumzika. Wako amejibana ubavuni kama ukurasa wa kitabu. Ndiyo maana nilikusumbua utazame vyote viwili. Ngazi peke yake haitoshi.

Kwa jenasi, picha zako na mahali ulipo vinanielekeza kwa Ityraea. Spishi sitaitaja, hiyo inahitaji kumpasua dume na kutazama viungo vyake vya uzazi chini ya hadubini.

Sasa nikusimulie jambo ambalo limenifanya nisilale jana. Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba aitwaye J. W. Gregory, yuleyule aliyelichunguza Bonde la Ufa, alipita hapo hapo Kibwezi. Aliona kikonyo cha maua, matumba ya kijani juu na maua ya waridi chini. Akataka kulichuma. Maua yakamruka. Walikuwa Flatidae. Habari hiyo ilifika Ulaya, ikachorwa picha ya rangi, na kwa miaka mingi wasomi wakabishana: je, kweli wadudu hawa hujipanga kwa rangi ili waige ua? Waliokuja baadaye kuwatazama waliwakuta wamechanganyika, kijani na waridi bila mpango. Wewe umeyaona yote mawili asubuhi moja: kwanza wamejipanga, kisha wamerudi ovyo. Na umehesabu. Tafadhali andika kwenye daftari tarehe, saa, kichaka na hesabu yako, na uendelee kuhesabu kila ukipita. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekwambia usiwe na haraka ya kuamua kama ule mpangilio wa kwanza ulikuwa wa kweli au wa bahati. Siku moja haithibitishi.

Rangi mbili, spishi moja. Hilo linajulikana kwa hawa wa Ityraea, na ndiyo maana nilikataza kuanza na rangi. Mkusanyaji mgeni angewabandika kwenye visanduku viwili.

Wale wa sufi ni watoto wao, tunutu. Manyoya yale ni nta inayosukumwa na tezi za mwisho wa tumbo. Ndege au buibui akimdaka anapata mdomo uliojaa nta, na mwenyewe ameshatoka. Kuruka kwao nako ni kazi ya ajabu. Miguu ya nyuma lazima ifyatuke pamoja, ukitangulia mmoja mdudu anapinduka hewani. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Cambridge, Malcolm Burrows na Gregory Sutton, walionyesha kwamba tunutu wa mdudu mmoja wa Ulaya wa kundi hilihili, Issus coleoptratus, ana gia. Namaanisha gia za kweli, meno kumi hadi kumi na mawili kwenye kiungo cha kila mguu, yanashikana kama ya ndani ya saa. Mwambie fundi wako. Akikua na kujivua ngozi mara ya mwisho, gia zinapotea.

Sasa asali. Wadudu hawa hufyonza utomvu mwingi kuliko wanavyohitaji sukari, na ziada hutoka nyuma kama tone tamu. Nyuki si pekee wanaoipenda. Madagaska kuna Flatidae wa waridi pia, na katika msitu wa Kirindy lemuri wadogo wa usiku hulamba utamu wa tunutu wao. Italia waliingiliwa na Flatidae kutoka Amerika Kaskazini, Metcalfa pruinosa, aliyeonekana huko mara ya kwanza mwaka 1979. Ni msumbufu kwenye mizabibu na bustani, lakini wafuga nyuki huvuna kutokana naye asali nyeusi nzito na kuiuza kwa jina lake.

Ila kuna jambo moja la kuwa nalo makini, nalo ni mmea kuliko mdudu. New Zealand kuna mdudu wa Ricaniidae, Scolypopa australis, anayefyonza kichaka cha tutu ambacho kina sumu. Sumu inapita kwenye tone tamu, nyuki wanaikusanya, na mwaka 2008 watu waliugua kwa kula asali hiyo. Mkole sina wasiwasi nao, matunda yake tumekula sote utotoni. Lakini zunguka korongo lote uone kama wadudu haohao wako kwenye kichaka kingine, hasa chenye maziwa au ambacho mbuzi hawakigusi.

---

KijanaMkuranga, Mkuranga
Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Shikamoo Mzee. Samahani naingilia uzi wa mama. Kwetu minazi inakufa, nazi zinadondoka changa, majani yanageuka manjano, kisha kichwa chote kinaanguka. Nikigeuza jani naona vidudu vyembamba, mabawa marefu kuliko mwili mara mbili. Nimetumia njia yako, papasi ziko chini ya jicho. Bawani sioni ngazi. Ni nani hawa?

---

MstaafuUsambara, Muheza
Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Marahaba kijana, hujaingilia, ndiko ninakotaka uzi huu ufike. Mabawa marefu membamba, kwenye mnazi, bila ngazi: fikiria Derbidae. Hakikisha kwa mdomo. Kipande cha mwisho cha mrija wake ni kifupi sana, urefu sawa na upana, wakati kwa familia nyingine kimerefuka. Tunutu wao huwezi kuwapata kwenye jani, wanaishi kwenye magogo yanayooza wakila ukungu, kwa hiyo tazama na takataka zilizo chini ya mnazi. Mmoja wa familia hiyo ana jina la kwenu, Diostrombus mkurangai. Yeye na mwingine wa familia ya Meenoplidae walipopimwa walikutwa na vimelea vya ugonjwa wa minazi wa pwani yetu. Kukutwa navyo si sawa na kuthibitika kuvieneza, lakini ni sababu tosha ya kuwakusanya. Waweke kwenye spiriti, andika mahali na tarehe, uwapeleke kwa watafiti wa minazi.

---

Kulwa_Bustani, Morogoro
Alhamisi, saa 1:45 usiku

Mzee shikamoo, na Mama Mzinga niwie radhi kwa ushauri wa dawa. Sikujua kuwa ungeingia mzingani.

Leo nimekwenda kwenye mahindi ya mama yangu, nimefungua moyo wa mhindi mmoja wenye mistari. Ndani kulikuwa na wadudu wa rangi ya majani makavu, milimita nne au tano, wengine mabawa mafupi, wengine marefu. Sina lenzi, nimetumia simu niliyoidondoshea tone la maji kwenye kamera. Papasi chini ya jicho. Na mguu wa nyuma, pale muundi unapoishia, kuna kitu kama kipi cha jogoo, kinacheza, nikikisukuma kwa pini kinarudi. Kwenye maelezo ya Mama hakimo. Ni mwiba wa kawaida?

---

MstaafuUsambara, Muheza
Alhamisi, saa 2:10 usiku

Kulwa mwanangu, hicho kipi ndicho alama yenyewe! Katika kundi zima la papasi shavuni, ni familia moja tu yenye kipi kikubwa kinachocheza mwisho wa muundi: Delphacidae. Miiba ya Mama imeota imara haisogei, hiki kina kiungo chake. Na kwenye moyo wa mhindi, mabawa mafupi na marefu pamoja, wa kwanza kumshuku ni Peregrinus maidis niliyemtaja Jumapili. Wale wa mabawa mafupi hubaki na kuzaana, wa mabawa marefu ndio wanaohamia mashamba mapya. Kesho nipigie picha ya jani lenye mistari, kwa karibu, penye mwanga. Tutatazama kama mistari imekatikakatika au imeungana.

---

MamaMzinga, Kibwezi
Jumamosi, saa 4:00 asubuhi

Mwalimu, nimezunguka korongo lote kama ulivyoagiza. Wako kwenye mikole mitatu tu, yote iko karibu na ule mbuyu. Upande wa ng'ambo kuna vichaka vya utomvu mweupe, sikuona hata mmoja. Kulwa usijali mdogo wangu, ulitaka kunisaidia.

Daftari nimeanza. Alhamisi jioni ishirini na wanane, wamechanganyika. Ijumaa alfajiri thelathini na wanne, na wa kijani tisa kati yao walikuwa juu, wengine popote. Leo nilifika kabla jua halijatoka, nikiwa na tochi na lenzi, maana fundi saa ameniachia ile ya zamani. Habari ya gia ilimgusa sana, amenifanya nimrudie mara mbili.

Nimemkuta tunutu mmoja ameng'ang'ania gome, mkia wote wa nta umechakaa. Mgongo ukapasuka. Ametoka taratibu, kichwa kwanza, na nikaona zile punje mbili shavuni zikiwa bado zinang'aa kwa unyevu. Mabawa yalikuwa yamekunjamana, meupe kama maziwa, nikaona vidato vya ngazi vikinyooka kimoja kimoja bawa lilipokuwa linatanuka. Ngozi ya zamani imebaki gomeni na sufi yake. Nilikaa naye mpaka saa tatu nione atakuwa wa rangi gani.

Wa kijani.